Kwa Fundi Vipimo, Aliyetaka Watu Wakae

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipoiweka randa juu ya meza ukasema unapumzika kidogo. Hiyo kidogo yako haijaisha.

Mama ametuagiza tuandike kwa upole. Amesema tangazo la kumbukumbu si mahali pa kugombana, na kwamba watu hutimiza mwaka wa marehemu wao kwa maneno mazuri na picha ya siku ya harusi. Kalamu amepewa binti yako mkubwa kwa sababu kati yetu ni yeye mwenye mwandiko unaosomeka. Lakini Mama amemkataza kabisa kusema "mimi", maana hili ni neno la familia nzima, si barua yake. Basi humu ataitwa binti yako mkubwa, kama mtu mwingine vile. Ameandika kwa upole mara tatu, na mara tatu amechana karatasi. Hii ni ya nne.

Tuna hasira, Baba. Tunalisema mapema lisije likatukaba katikati. Lakini kwanza wasiokujua wakujue.

Ulikuwa fundi wa majeneza. Kwa miaka thelathini na moja ulifungua karakana yako ya mlango wa bati, pale kwenye kona ya barabara inayopanda kwenda zahanati, na kwa miaka hiyo yote ulirudi nyumbani na maranda ya mbao kwenye nywele na harufu ya gundi mikononi. Watu walikuita Fundi Vipimo. Ulikuwa utani, ila ulikuwa na woga ndani yake, maana walisema ukimtazama mtu mara mbili umeshajua urefu wake. Wanywaji waliopita pale jioni walijikunja wakikuona, wakakuambia usijisumbue, wao bado wafupi. Ulicheka nao.

Kuna jambo wengi hawakuliona. Mgonjwa akipita, ulikuwa unaivua futi yako shingoni na kuitia mfukoni kabla hujamsalimia. Hukukosa hata siku moja. Binti yako mkubwa alipokuwa mdogo alikuuliza kwa nini, ukamwambia kwamba mtu anayekwenda kutafuta dawa hana haja ya kusalimiwa na futi kabla ya fundi.

Majeneza ya watoto hukuyaweka mbele. Mafundi wengine huyapanga juu ya yale makubwa ili yaonekane. Wewe uliyaficha nyuma ya pazia la bluu, ambalo binti yako mkubwa alikushonea alipokuwa bado anajifunza cherehani, na pindo lake limekwenda upande hadi leo. Ulisema njia ile wanapita kina mama wenye mimba wakienda kupimwa, na wana mitihani yao ya kutosha.

Wala hukuingia nyumba ya msiba na futi. Uliomba nguo ya marehemu, shati au gauni, ukaipima nguo. Kisha Mama aliipiga pasi na wewe ukairudisha imekunjwa vizuri. Wafiwa waliidhani ni desturi ya mafundi wote, mpaka walipofiwa tena na kwenda kwa fundi mwingine.

Sasa tuje kwenye benchi.

Wanaopanda kwenda zahanati wanakijua kile kibaraza. Dirisha la kadi liko mwisho, foleni inaanza alfajiri, na kiti ni kimoja tu, cha mlinzi. Miaka mitano iliyopita ulimpeleka Mama kwa ajili ya miguu yake inayovimba. Akasimama kutoka saa moja hadi saa tano. Kuna wakati alishika ukuta, kuna wakati alikushika wewe, na mlipofika dirishani mkaambiwa daktari ametoka kidogo. Hukugombana na mtu. Sisi tungegombana. Ulirudi karakana ukaanza kuokota mabaki ya mbao, nyeupe na nyekundu, vile vipande vinavyobaki jeneza likishakatwa.

Ukakwama kwenye kimo. Tulicheka siku ile hadi tukashika mbavu, maana fundi wa miaka yote hiyo hakuwa na kipimo cha mtu aliyekaa. Ulijua mtu aliyelala tu. Ikabidi umkalishe Mama kwenye kitanda, kwenye ndoo, kwenye ngazi, huku unampima kutoka goti hadi kisigino. Mama akakuambia, "Ondoa hiyo futi yako, mzee, mimi bado nipo." Ukamjibu kwamba ndiyo sababu unampima. Ukaona kuwa kwenye viti vingi miguu ya mama mzee inaning'inia, na mguu unaoning'inia huvimba zaidi, basi benchi lako ukalifanya fupi kuliko mabenchi mengine, kimo cha goti la Mama, nyayo zote chini.

Ulipolipeleka, watu hawakulikalia. Mbao za jeneza, walisema. Siku mbili nzima foleni ilisimama pembeni ya benchi tupu, na wewe ukakaa peke yako pale kama mtu aliyesuswa. Siku ya tatu akaja bibi muuza mkaa, yule asiye na simile, akauliza kuna nini. Wakamweleza. Akasema kama ni jeneza, basi heri alikalie leo akiwa na akili zake kuliko kungoja kulazwa. Akajitupa mwishoni, upande wa ukutani, akavua viatu. Kufikia mchana palikuwa hapana nafasi.

Muuguzi mkuu hakukataza, ila alisema benchi lisilale pale, kwa kuwa si mali ya zahanati na likipotea hataki maneno. Basi ukalibeba. Asubuhi kulipandisha, jioni kulishusha, begani, miaka minne. Watoto wa shule walijua saa kwa kukuona wewe unapita.

Hapa binti yako mkubwa ana la kukiri, na Mama amesema aliandike mwenyewe.

Alikuonea haya. Kanisani kwetu kuna ukuta wenye majina ya waliotoa. Yuko aliyetoa madirisha, yuko aliyetoa kengele, na jina lako halikuwepo. Binti yako mkubwa alikaa chini ya ukuta ule kila Jumapili akisoma majina ya baba za wenzake. Siku moja alikukuta unapiga msasa lile benchi, akakuuliza kwa nini mtu mwenye ufundi wako asitengeneze mimbari, kitu cha maana, kitu kitakachoonekana. Hukukasirika. Ulipuliza vumbi kwanza.

"Kila siku tunaomba ufalme wake uje," ulisema. "Sasa ukija kesho asubuhi, ukapitia pale zahanati, ukawakuta wale kina mama wamesimama, mimi jirani yao nitasema nini? Nataka uwakute wamekaa."

Akakujibu kwamba ufalme wa Mungu una mambo makubwa kuliko benchi. Ukasema huenda, lakini yale makubwa hukuyajua vipimo vyake.

Hakuelewa. Alidhani ni maneno ya mzee anayekwepa gharama ya mimbari. Leo akiyakumbuka anatamani kujipiga kofi.

Asubuhi ile ya mwaka jana ulilipeleka benchi kama kawaida, ukarudi, ukapiga randa ubao mmoja, ukasema unapumzika, ukalaza kichwa juu ya meza. Kifua kilikuwa kinakubana kwa miezi, tumekuja kujua baadaye, na mwenye kutujulisha ni mlinzi wa zahanati aliyekuwa anakuona ukisimama kupumzika mara tatu kwenye ule mwinuko wa kupandia zahanati. Mlinzi alijua. Sisi tuliokula nawe sahani moja hatukujua. Kwa hilo tuna hasira na wewe, Baba, na usidhani kufa kumekuponya nayo. Ulipita mlango wa zahanati kila siku ya Mungu na hukuingia hata mara moja kusema kwamba na wewe unaumwa.

Fundi mwenzako alikupima kwa macho. Jeneza lilikuwa refu kupita kiasi, ukalala ndani yake una nafasi ya kugeuka. Mama aliliona akasema chinichini kwamba kama ungekuwepo ungelirudisha.

Haikupita miezi miwili wakaja wageni. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa na Mchungaji walikaa sebuleni kwetu, wakanywa chai, wakasema mambo mazuri juu yako ambayo hawakuwahi kuyasema ulipokuwa unayasikia. Wakasema kanisa limeona lisikuache usahaulike. Lile benchi lako lingechukuliwa, lipakwe vanishi, liwekewe kibao chenye jina lako, na kusimamishwa mbele kabisa, karibu na mimbari, liwe kumbukumbu ya vizazi na vizazi.

Tulilia, Baba. Tulilia kwa furaha, wajinga sisi. Mama alisema asante mara nyingi. Mdogo wetu dereva alisema hatimaye wamekuona. Na aliyesema ndiyo kabla ya wote, kabla hata Mwenyekiti hajamaliza sentensi, ni binti yako mkubwa. Jina la baba yake lilikuwa linakwenda mbele ya majina yote ya ukutani. Sebule nzima hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo mtoto mdogo angeuliza: na wale watakaa wapi?

Sifa ni kilevi. Tulilewa mchana kweupe.

Wakalipaka vanishi mara tatu mpaka likang'aa kama kioo. Wakaweka vyungu viwili vya maua, kimoja kila upande. Juu, kibao cha shaba chenye jina lako. Chini yake, kibao kingine: Tafadhali Usikalie. Na ili pasiwe na wa kukosea, wakataka utepe mwekundu wa kupita mbele, kutoka nguzo hadi nguzo. Wakamwomba fundi cherehani. Fundi cherehani ni nani? Binti yako mkubwa. Alinunua kitambaa kizito chenye manyoya, akashona utepe ule kwa mikono yake, mishono midogo midogo iliyonyooka, si kama pazia lako la bluu. Hajawahi kushona kitu kizuri hivyo. Akaufunga mwenyewe.

Kwa miezi tisa alikuwa akiingia kanisani anautazama, roho yake inatulia.

Mwezi uliopita miguu ya Mama ilivimba tena, na binti yako mkubwa akampeleka zahanati. Walifika saa moja. Foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa nje na kila mtu amesimama. Kulikuwa na mama mjamzito amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefumba macho. Kulikuwa na mzee amekalia viatu vyake. Mama alishika ukuta, palepale aliposhika miaka mitano iliyopita, rangi imechubuka kwa viganja vya watu. Bibi muuza mkaa alikuwa upande wa ukutani, kwenye nafasi yake, ila nafasi yenyewe ilikuwa sakafu. Akamwona Mama, wakasalimiana, wakapeana pole. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Kile kiti chetu mlitunyang'anya kwa kosa gani?"

Binti yako mkubwa alisema limewekwa kanisani, kwa heshima. Bibi akauliza nani analikalia. Mlinzi, akiona haya kwa niaba yetu, akasema wao waliambiwa familia ndiyo iliyotaka.

Baba, kuna hasira ya kumkasirikia mtu, na kuna hasira ya kujikuta wewe ndiye mtu mwenyewe. Binti yako mkubwa alishuka barabara ile na zote mbili, machozi hayatoki kwa moto. Miezi tisa. Hesabu asubuhi za miezi tisa, hesabu miguu.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mwenyekiti. Alimkuta ofisini kwake kanisani, akamweleza. Mwenyekiti alimsikiliza kwa upole ule wa kumsikiliza mtoto anayelia, kisha akamwambia kwamba benchi limeshawekwa wakfu, haliwezi kutolewa likarudi kukaliwa na kila mtu na vumbi lake. Akasema anaelewa uchungu wa binti, lakini mambo makubwa ya kanisa yana utaratibu. Alete barua, kikao kitakaa. Mchungaji naye alipoulizwa alitazama chini, akasema hoja ni nzuri, tungoje kikao.

Barua ilipelekwa. Kikao hakikukaa. Wiki ya kwanza Mwenyekiti amesafiri, wiki ya pili ajenda zimejaa, wiki ya tatu wanajiandaa kwa ibada ya kukukumbuka. Hebu fikiria: kikao cha kukurudishia benchi kilikosa nafasi kwa sababu ya ibada ya kukusifu kwa benchi.

Ibada ilikuwa Jumapili hii iliyopita. Kanisa lilijaa hadi mlangoni, maana umewazika jamaa za watu wengi. Mama kwa miguu yake alitembea polepole, akafika wimbo wa pili umeshaanza, kamshika mkono binti yako mkubwa. Viti vya mbele tulivyowekewa wafiwa vilikuwa vimekaliwa na wageni wa heshima wa Mwenyekiti. Mhudumu wa mlangoni akanong'ona kwamba Mama asubiri kidogo, wanatafuta kiti cha plastiki. Wakatafuta. Mchungaji akapanda mimbarini, akaanza kuhubiri juu ya ile punje ya haradali, ndogo kuliko mbegu zote. Akasema marehemu fundi wetu alitufundisha kwamba ufalme wa Mungu unaonekana katika mambo madogo. Akanyoosha mkono kulionyesha benchi, na watu mia kadhaa wakaligeukia, linang'aa, tupu, utepe mwekundu mbele yake. Huku mkeo amesimama ukutani.

Binti yako mkubwa alikuwa ameandaa maneno. Aliyaandika, akayakariri, na yalikuwa maneno ya kuchoma nyumba. Alivuta pumzi. Ila kabla hajasema lolote alihisi mkono wa Mama unaachia wake.

Mama alitembea katikati ya kanisa. Unamjua anavyotembea, anaweka mguu kama anayeuliza sakafu kama iko radhi. Mchungaji aliendelea na haradali, kisha akapunguza, kisha akanyamaza. Mama akafika mbele, akafungua kishikizo cha utepe, akauacha ukaanguka, akakaa. Akazivua kandambili zake. Nyayo zake zote mbili zikafika chini.

Mwenyekiti aliinuka, akainama karibu naye. "Mama, hapo hapakaliwi."

"Benchi hili lilipimwa kwa miguu yangu," Mama alisema.

Hakupaza sauti. Hata wa mlangoni walisikia. Mwenyekiti alibaki ameinama, hajui aondokeje pale. Mama akamtazama kwa huruma kidogo, akaongeza, "Na kama kuna aliyechoka huko mlangoni, linachukua watu sita wakibanana."

Wa kwanza kuja, nani asiyemjua? Bibi muuza mkaa, na leso yake yenye madoa meusi ya vidole. Akaenda upande wake wa mwisho. Wakaja wengine. Vanishi ya mara tatu ikakaliwa na wake kwa waume, na hakuna moto ulioshuka kutoka mbinguni.

Ibada ilipoisha hatukungoja kikao. Mdogo wetu dereva alishika upande mmoja, binti yako mkubwa upande wa pili na viatu vyake vya Jumapili. Mwenyekiti akatufuata hadi getini akisema ni mali ya kanisa. Binti yako mkubwa akamwambia ashike na yeye au atupishe njia. Akatupisha. Mchungaji alikuja nyuma yetu hadi zahanati, utepe mkononi, akamkabidhi binti yako mkubwa na kusema, "Nisamehe."

"Nitajaribu," alimjibu. Bado anajaribu, Baba. Si kazi ya siku moja, na asiyeamini hakuliona lile jicho la bibi muuza mkaa alipouliza kosa lake ni lipi.

Jumatatu muuguzi mkuu alisema tena yaleyale, benchi lisilale pale. Tulitaka kugombana, tukakumbuka kwamba wewe hukugombana. Kwa hiyo sasa tunalibeba. Asubuhi binti yako mkubwa, jioni mdogo wake akiwa hajasafiri, na akisafiri ni yeye tena. Kile kibao cha Usikalie tumekibandua kwa bisibisi yako. Kibao chenye jina lako tumekihamishia chini ya ubao, ambako hakimchomi mtu. Ukitaka kulisoma jina lako itabidi uiname, nasi tunaona hutajali.

Kuna jambo moja zaidi, halafu tutanyamaza.

Lile benchi ni zito. Hatukujua. Miaka minne tulikuona linapanda na linashuka begani mwako tukadhani ni jepesi, maana hukuwahi kuguna. Siku ya kwanza binti yako mkubwa alisimama kwenye ule mwinuko mara mbili. Siku ya pili, mara tatu, na mlinzi aliyekuwa juu getini akageuza uso pembeni. Bega la binti yako mkubwa lilikuwa jekundu. Akakaa juu ya benchi lenyewe kabla hata halijafika kibarazani, palepale barabarani mbele ya karakana yako iliyofungwa, akalia kwa sauti, akakugombeza kwa sauti, mpita njia mmoja akasimama kumuuliza kama amefiwa.

Ule utepe mwekundu aliushona vizuri sana, kitambaa kizito, hauwezi kutupwa. Ameukunja mara nne, ameufanya ngata. Anauweka begani kila asubuhi chini ya benchi lako, na bega limeanza kuzoea.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye leo hii amekaa. Na binti yako mkubwa, ambaye hasira haijamwisha. Na mwanao dereva. Na wajukuu zako watatu, ambao umewaachia futi wanapimana nayo kutoka goti hadi kisigino. Na mlinzi wa zahanati. Na bibi muuza mkaa, anayetaka iandikwe kwamba upande wa ukutani ni wake.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote. Kesho saa kumi na mbili na nusu tunapanda. Ufalme ukipita, utawakuta wamekaa.